Vidole vya Wamama wa Ilumani

Watu wetu, tulieni kidogo msikie jambo la Ilumani. Si refu, lakini ni zito, na hakuna boma hapa kwetu ambalo haliwezi kupatwa nalo.

Ilumani ni kijiji kilicho juu ya mgongo wa kilima, upande wa Mutomo. Kila Jumanne wamama wa mwethya hufanya kazi pamoja. Leo wanachimba mitaro ya kuzuia maji kwenye shamba la huyu, wiki ijayo la yule, mpaka zamu imfikie kila mmoja. Jumanne hiyo zamu ilikuwa ya Ndinda. Jua lilikuwa bado changa, majembe yakiingia ardhini kwa pamoja, na mbuzi wakitafuna maganda ya mbaazi kando ya ua. Ndinda mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kiti, mguu wa kulia umefungwa bandeji. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kidonda kidogo cha kisigino kilikuwa kimekataa kupona.

"Chimbeni tu," aliwaambia. "Mimi leo ni msimamizi kutoka kaunti. Nikiona mtu amesimama, naandika jina."

"Msimamizi gani hana hata koti," akamjibu Kaluki, na wote wakacheka.

Kaluki ndiye alikuwa mwenyekiti wao. Alikuwa mjane mwenye duka kando ya barabara ya juu, na alijua kusoma na kuandika vizuri kuliko wote. Sasa sikieni desturi waliyokuwa nayo, kwa maana shida ilitokea hapo. Fomu za serikali huja kwa haraka. Leo ni za mbegu, kesho za maharagwe ya msaada, na kabla ya saa sita chifu anazitaka. Ili Kaluki asizunguke kila boma akitafuta watu, wamama walikuwa wakitia vidole kwenye karatasi tupu mapema, kila mtu kando ya jina lake na nambari ya kitambulisho. Kaluki alizihifadhi karatasi hizo ndani ya kitabu cha bluu. Fomu ikija, yeye anaandika maneno juu na kupeleka. Miaka sita hakuna aliyepunjwa hata kikombe cha mbegu. Ndiyo maana hakuna aliyeogopa.

Mitaro ilikuwa haijafika nusu wakati Musembi, naibu wa chifu, alipoingia na pikipiki yake.

"Wamama, hamjambo. Kaunti inataka kutengeneza njia ya mabasi," alisema. "Ama waboreshe ile ya chini, ng'ambo ya mto, ama walete basi huku juu lipite Ilumani. Likija huku, barabara itapanuliwa mpaka kwenye bikoni, yale mawe ya mpaka. Kilichojengwa ndani ya bikoni kitatoka. Mwenye kupinga aandike kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo."

"Apinge nani?" Ndinda aliuliza. "Basi lipite hapa mlangoni? Mimi nitapanda nimevaa kiatu cha kanisa. Kimoja tu, lakini cha kanisa."

Wamama wakacheka tena. Kaluki hakucheka. Alikuwa anafikiria veranda ya duka lake.

Jioni hiyo, kabla jua halijazama, alitoka dukani akapima kwa miguu. Bikoni ilikuwa nyuma ya veranda. Nguzo zote nne zilikuwa ndani ya barabara. Nguzo hizo zilikuwa za mukau, na miti yenyewe ilipandwa na marehemu mumewe Kimeu, akaikata mwenyewe, akaisimamisha mwaka ule kabla hajafa. Hapo ndipo Kimeu alikuwa akikaa na redio yake. Hapo pia ndipo wateja walikuwa wakipumzika na kununua soda. Kaluki alishika nguzo moja akasimama nayo kwa muda mrefu. Sitasema moyo wake ulikuwa mbaya. Mtu mzuri pia anaweza kukaa na kitu chake mpaka asione cha mwenzake.

Alifungua kitabu cha bluu. Juu ya karatasi tupu aliandika kwamba wakazi wa Ilumani hawataki basi, kwamba litaleta vumbi na ajali kwa watoto, na kwamba njia ya chini inawatosha. Chini yake kulikuwa na vidole arobaini na sita vikingoja. Alijiambia kwamba hajamnyang'anya mtu kitu, maana basi lenyewe hawajawahi kuwa nalo.

Musembi alipoipokea karatasi aliikagua, kisha akainua macho.

"Hata mama Ndinda amekataa? Na vile alikuwa anafurahi?"

"Si unaona vidole, baba," Kaluki alisema. "Watu hubadilisha mawazo."

Musembi aliikunja akaitia mfukoni. Naye pia, kusema kweli, angeweza kupitia kwa Ndinda na kumuuliza. Ilikuwa njiani.

Mwezi uliofuata uamuzi ulibandikwa kwa chifu. Mabasi yataongezwa njia ya chini. Njia ya juu imeachwa kwa sababu ya mapingamizi ya wakazi. Wamama walipouliza ni wakazi gani hao, Kaluki alisema, "Kaunti ni kaunti, nani anajua mambo yao," akaingia ndani kupanga sukari kwenye rafu.

Ndinda alihitaji kusafishwa kidonda hospitalini mara mbili kwa wiki. Kufika steji ya chini ni mteremko wa mawe, halafu mto wa mchanga, halafu kupanda tena. Bodaboda alimbeba mara mbili. Mara ya tatu pikipiki ilizama mchangani, wakaanguka, na kidonda kikapasuka. Baada ya hapo alikuwa anaenda mara moja kwa wiki, akitembea na fimbo, akipumzika kila baada ya hatua kidogo. Kisha mvua ya Novemba ikaja. Mto ukajaa maji mekundu, na kwa siku tisa hakuna mtu wala mbuzi aliyevuka.

Siku ya saba Kaluki alimpelekea uji kwenye chupa. Alipofika mlangoni, harufu ya mguu ilimpokea.

"Karibu, mwaitu, mama yangu," Ndinda alisema, na sauti yake ilikuwa imekwisha nguvu. "Wengine wanasimama nje siku hizi. Wewe umeingia."

"Kunywa, bado ni moto."

"Lile basi lingekuja, saa hii ningekuwa nimerudi kutoka hospitali nikikusumbua unikopeshe sabuni." Ndinda alijaribu kucheka. "Lakini labda waliona huku juu hatuna faida."

Kaluki alimshikia kikombe. Alitaka kumwambia habari ya karatasi. Alirudi nyumbani bila kusema.

Siku ya kumi maji yalipungua. Wanaume wanne walimvusha Ndinda juu ya kitanda. Daktari alimwambia kwamba angefika wiki moja mapema wangeuokoa mguu. Walimkata chini ya goti.

Ilipofika Februari, wamama wenyewe walidai mkutano, na kaunti ikamtuma afisa. Watu walijaa uwanja wa shule ya msingi. Ndinda aliletwa na magongo yake akakalishwa mbele. Alieleza habari yake bila kulia, akauliza kwa nini basi lilikataliwa.

Afisa alifungua faili. Hakuwa mtu mkali.

"Mama, jina lako nani?"

"Ndinda."

Afisa alishuka na kidole kwenye karatasi. "Uko nambari kumi na moja. Hapa unasema huna haja na basi, kwamba njia ya chini inakutosha. Na kidole chako ndicho hiki."

Ndinda aliitazama karatasi, halafu akageuza mkono wake akatazama kidole gumba, kama mtu anayeangalia kitu alichookota njiani.

"Kidole ni changu," alisema. "Maneno siyajui."

"Basi kama kuna kosa, tuambiwe leo," afisa alisema. "Kama hakuna, uamuzi unabaki vile ulivyo."

Hakuna aliyemtaja Kaluki. Lakini kila mmama pale alikumbuka kitabu cha bluu, na vichwa vikaanza kugeuka, kimoja baada ya kingine. Kaluki aliona kwamba akinyamaza, basi halitakuja tena. Angebaki na veranda. Alisimama akishikilia bega la aliyeketi mbele yake.

"Maneno ni yangu," alisema. "Vidole ni vyao, lakini hawakujua. Niliandika mimi."

Ndinda hakugeuka. Aliuliza akiwa bado anatazama mbele. "Ni kwa sababu ya veranda?"

"Ni kwa sababu ya veranda. Nguzo za Kimeu."

"Ungeniambia, Kaluki." Sauti ya Ndinda ilikuwa ya chini, lakini watu wa nyuma waliisikia. "Jumanne moja tu. Tungekuja na majembe tukang'oa nguzo, tukakusimamishia nyuma ya bikoni. Ni nguzo nne."

Kaluki alikaa chini. Kwa miezi hiyo yote alikuwa amefikiria mambo mengi, lakini hilo hakuwa amelifikiria hata mara moja.

Yaliyofuata yalikuwa ya sheria. Kaluki aliandikisha taarifa kituo cha polisi, na kesi yake bado inasikizwa. Uenyekiti uliondoka. Karatasi zilizobaki kitabuni zilichomwa mbele ya wote. Veranda aliing'oa mwenyewe, peke yake, siku mbili, na hakuna aliyekwenda kumsaidia. Zamu yake ya mwethya ilipofika, wengine walitaka arukwe, Ndinda akasema asirukwe. Walikuja wakachimba mitaro yake mpaka ikaisha. Lakini hakuna aliyetania siku hiyo. Yalisikika majembe tu.

Basi lilianza kupita Ilumani mwezi wa Agosti. Siku ya kwanza Ndinda alikuwa steji mapema. Kondakta alimshikia magongo, naye akapanda polepole. Alikuwa amevaa kiatu cha kanisa. Kimoja.

FUNZO

Watu wetu, kaunti ikiita watu watoe maoni, nenda mwenyewe ukaseme kwa mdomo wako. Usitie kidole kwenye karatasi ambayo haina maneno, hata kama anayeishika ni rafiki yako wa miaka yote. Wamama wa Ilumani walimwamini mtu mzuri, na kwa siku moja mtu mzuri akashindwa.

Na wewe uliyepewa majina ya watu uyatunze, jua kwamba umeshika miguu yao, macho yao na watoto wao. Kupinga si kosa. Kaluki alikuwa na haki ya kuipigania veranda yake, kwa jina lake na kidole chake kimoja. Kosa ni kupinga kwa vidole vya wengine. Na kosa la pili ni kukaa na aibu mpaka mto ujae.

Kama una nguzo zinazokuuma moyo, sema. Labda wenzako wako tayari na majembe.