Taa za Vibuyu Vyenye Tundu

YAH: MATUMIZI YA VIBUYU VISIVYO NA MWENYEWE KATIKA KUPAMBA MAPOKEZI YA MGENI.

Ndivyo barua ilivyoanza, mwaka 1974, na ilikuwa na nakala nne, kana kwamba vibuyu vingeweza kukata rufaa. Methodi aliisoma asubuhi moja yenye jua zuri, kibandani mwake, katika kijiji kipya cha ujamaa ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Alikuwa fundi wa redio, na kwa raha zake akitengeneza taa: kibuyu juu ya gogo lililotupwa na mawimbi, ndani balbu ya tochi, waya na betri tatu. Zilipendeza. Sifa zake zikafika masikioni mwa ofisi.

Ndugu Ausi, Katibu Kata, mtu wa Kilwa, aliingia na gunia.

"Nimekupunguzia kazi, fundi. Nimeviokota kule mlikohamishwa. Saba, na vyote vina tundu chini tayari!"

Methodi alichungulia. Akalisukuma gunia kando.

"Ndugu Katibu, hivi ni vya makaburini. Mtu akizikwa, kibuyu chake cha maji hutobolewa, kikaachwa juu ya kaburi. Asirudi nyumbani kunywa."

"Marehemu anazuiwa na tundu?" Ausi alicheka. "Basi andika pingamizi. Litajibiwa baada ya miezi mitatu. Mgeni anakuja Ijumaa, na nyumba yako wanaitaka watu kumi."

Methodi alimfikiria mkewe, Serafina. Tangu wamzike binti yao Perpetua mwaka uliopita, ndiyo kwanza ameanza kuzungumza tena, maneno mawili matatu kwa siku. Methodi hakuwa na mtu mwingine duniani ila yeye. Ampeleke wapi bila nyumba? Akakubali.

Alichomeka balbu kwenye kila tundu, akaziba pembeni kwa nta. Cha saba kilikuwa kidogo, kimechorwa samaki. Alikichora mwenyewe, kwa ajili ya Perpetua. Akakiziba upesi, bila kukitazama.

Kulipokucha, mtungi wa nyumbani ulikuwa mkavu.

"Umeyamwaga maji, Mama Perpetua?"

"Amekunywa," Serafina alinong'ona. "Ana kiu, Baba Perpetua. Kiu ya mwaka mzima."

Methodi alikimbilia kibandani. Vibuyu vilikuwa vinawaka. Betri zote zilikuwa bado bokisini.

Akashika nyundo. Akavunja kimoja. Kingine. Kila kimoja kilimwaga maji. Akahesabu alivyovunja: sita. Chenye samaki hakikuwepo.

Alimkuta nacho Serafina, ufukweni, akichota na kumimina mchangani.

"Nipe hicho."

"Bado hajashiba." Akakikumbatia, asikiachie.

Midomo yake ilikuwa imepasuka. Methodi akajaza kikombe, akakiweka kinywani mwa mkewe. Maji yakapungua. Yakaisha. Midomo haikulowa.

"Na wewe unywe," alimsihi. "Wewe."

"Nikinywa mimi, yeye atakunywa nini?"

Alijaza kikombe tena. Na tena. Siku mbili.

Mgeni aliishia Mbinga. Barabara ilikuwa mbaya. Katika ripoti yake Ndugu Ausi aliandika kuwa taa saba ziliharibika kwa sababu za kiufundi, na kwamba mama mmoja alifariki kwa ajali ya kuzama.

Hakuzama. Serafina alikufa kwa kiu, Alhamisi saa tisa mchana, amesimama ziwani, maji yakimfika kiunoni, na mchanga uliokuwa chini ya nyayo zake ulikutwa mkavu.