Kitanda cha Kumi na Moja

Mgonjwa wa kitanda cha tatu alisema, kwa Kimakonde, kwamba mto unamkera. Kitanda kikamwinua kichwa taratibu, kikauweka mto vizuri, kikamlaza na kumpa pole kwa Kimakonde kilekile. Vitanda-walezi vya wodi ya saba ndivyo vilivyo: vinalisha, vinageuza, vinatia dawa, na kuwapumulia wale ambao mapafu yao yamegoma. Muuguzi ni mmoja tu kwa vitanda arobaini, Bi. Pelagia, na kazi yake kubwa siku hizi ni kupokea ndugu wanaokuja kutazama. Tanga nzima ilivisifia vitanda hivyo. Mhandisi Sikudhani Semkiwa, aliyevifundisha kusikia, alizipata sifa hizo na kujivuna kidogo, na nani asingejivuna?

Asubuhi ile hakuja kama mhandisi. Alikuja kumwona baba yake, kitanda cha kumi na moja.

Mzee Semkiwa alipatwa na kiharusi wiki mbili nyuma. Kilimwachia macho, mkono mmoja na lugha moja: si Kiswahili alichofundishia shule miaka thelathini, bali Kibondei cha utotoni. Huku kitanda kikimpumulia kwa mrija wa puani, alikuwa akirudia maneno yaleyale, machozi yakimtiririkia masikioni. Sikudhani hakuelewa hata neno. Baba alimlea kwa Kiswahili kitupu, akisema ndicho kitakachomfikisha mbali. Haya, kimemfikisha. Kwenye kioo cha kitanda ulikuwapo mstari mmoja, ukijirudia kila baada ya dakika kumi tangu mzee alazwe: "Mgonjwa ametulia. Hana haja."

Sikudhani akamuuliza Bi. Pelagia ametuliaje mtu anayelia.

"Kitanda hakisikii machozi, Mhandisi," alijibu muuguzi, bila ubaya wowote. "Kinasikia maneno. Si ndivyo mlivyotuambia?"

Ndivyo walivyowaambia. Zamani vitanda viliwapa watu dawa za usingizi ili wodi ipoe, wananchi wakaja juu, ikatungwa sheria: mbali na kumpumulia na kumlisha mgonjwa, kitanda kisifanye lolote ila kwa kauli yake mwenyewe. Ndugu hawezi kumsemea, wala daktari. Sikudhani aliipigia makofi sheria hiyo.

Akafungua mipangilio. Kila kitanda kina mikoba ya lugha. Mkoba mmoja hukifundisha kitanda namna ya kusikia lugha fulani, kuiandika, kutaja siku na kuhesabu vitu kama wenyewe wanavyohesabu. Mkoba ukikosekana, kitanda hurudi kwenye lugha tupu, ile iliyozaliwa na mashine, isiyomjua mtu yeyote. Aliandika amri ya kuchagua Kibondei. Jibu likaja: "Lugha hiyo haipo. Natumia lugha tupu."

Ujumbe huo aliutunga mwenyewe. Na mkoba aliuondoa mwenyewe, mwezi wa Januari, pamoja na mingine sitini, ili vitanda viwe vyepesi. Kanuni ilikuwa nyoofu: lugha ambayo hakuna aliyeisema mbele ya kitanda kwa miaka mitano haina watumiaji. Kibondei kilikuwa na sifuri. Alishangaa kidogo, maana Muheza kwao wenye lugha wapo tele, lakini hesabu ni hesabu, akabonyeza. Nakala ya akiba huteketezwa baada ya siku tisini, na siku hizo zilikwisha kitambo. Kuunda mkoba mpya ni kazi ya mwaka mzima.

Akampigia simu shangazi yake, Bi. Mwajabu, aliyewahi kulazwa wodi hiyohiyo, akaisogeza simu mdomoni kwa mzee. Shangazi alisikiliza, akamjibu kaka yake kwa sauti ya chini, kisha akarudi kwenye Kiswahili.

"Anaomba ageuzwe, mwanangu. Mgongo unamwaka moto. Anasema kaomba siku zote hizi."

Sikudhani aliingiza mikono chini ya baba yake, akamgeuza ubavu. Mzee akashusha pumzi. Dakika haikupita, kitanda kikamshika kwa upole mkubwa, kikamrudisha chali, maana hakikusikia kauli ya mgonjwa. Akamgeuza tena. Kikamrudisha tena. Kukizima hakuthubutu, kwa sababu ndicho kilichokuwa kikimpumulia.

Alirudi kwenye simu akilia waziwazi. Alimuuliza shangazi kwa nini, miezi mitatu aliyolala hapa, hakusema Kibondei hata siku moja. Laiti angesema neno moja tu.

"Mbele ya mgeni?" Shangazi alishangaa kweli. "Kitanda kinakusikiliza, kinakujibu, halafu wewe uanze kilugha mbele yake kama unamsengenya? Sisi hatukulelewa hivyo. Wote tuliolala hapo tulikisemesha Kiswahili. Baba yako naye ndivyo alivyokuwa, hata nyumbani mgeni akiwapo."

Sikudhani alipitisha kiganja kati ya godoro na mgongo wa baba yake, akakiacha hapo. Mzee alisema tena maneno yake. Kwenye kioo ukaandikwa mstari uleule.

"Mwanangu," shangazi aliuliza simuni, "sasa huyo mgeni anaondoka lini?"