Ujumbe Ambao Haukusomwa

Kila siku akitoka shule, Kasuku alivua viatu mlangoni, akanawa mikono, kisha akaketi kando ya mama yake. Jina hilo la utani alilipata kwa sababu ya kazi yake: kusoma kwa sauti. Mama alitengeneza programu ambayo wapiga picha waliitumia kuweka albamu zao kwenye tovuti. Maoni yao yalipofika, binti alisoma, mama akaandika ya kurekebisha.

Alhamisi moja, siku chache kabla ya kutoa toleo jipya, maoni yalikuwa mengi.

"Huyu anasema kapu la picha zilizofutwa linammalizia nafasi. Liondolewe."

"Wengi wamelilalamikia. Nitaliondoa."

"Na huyu anataka rangi ya waridi kila mahali."

"Huyo anataka keki, si tovuti," mama akasema. Wakacheka.

Nje, wenzake walikuwa wanaruka kamba na kumwita. Ulibaki ujumbe mmoja, mrefu kama mkia wa kima. Kasuku aliutupia jicho tu, akabonyeza "umesomwa".

"Yameisha?"

"Yameisha, mama."

Jumatatu toleo jipya likatoka. Jumatano alasiri wakasikia hodi. Alikuwa mpiga picha wa mtaa wa pili, waliyemwita Bi Tabasamu, maana hakuna aliyekaa mbele ya kamera yake akabaki amenuna. Siku hiyo midomo yake ilitetemeka.

"Dada, picha za mwanangu zimepotea. Nilitaka kuhifadhi, kidole kikagusa 'futa'. Zamani ningezikuta kapuni. Sasa kapu halipo."

Kasuku alimjua mtoto huyo. Alifariki mwaka uliopita kwa homa, akiwa na miaka sita.

"Huna nakala nyingine?" mama akauliza.

"Kompyuta yangu iliungua mwezi uliopita. Zilibaki hizo tu."

"Pole sana, dada. Laiti ungetuambia mapema kwamba vitufe vinakuchanganya."

"Niliandika Alhamisi! Nilisema vimekaribiana mno, nikawasihi msiondoe kapu kama wengine wanavyotaka."

Mama alitafuta, akauona ujumbe. Kando yake palikuwa pameandikwa "umesomwa". Akamgeukia binti yake.

"Mama, sikuusoma. Nilikudanganya. Nilitaka kwenda kucheza."

Bi Tabasamu hakumkaripia, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Alikaa tu, machozi yakidondokea mkoba wake.

Kwa siku tatu mama hakuinua kichwa. Alirudisha kapu, akavitenganisha vitufe, na programu ikaanza kuuliza, "Una uhakika?" kabla ya kufuta chochote. Alipekua kila pembe ya mtambo wa kuhifadhia picha. Kati ya picha themanini alipata tano, ndogo kama stempu. Akazichapa, wakampelekea.

Bi Tabasamu alizitazama moja moja. Katika ya mwisho mtoto alikuwa amefumba macho, anacheka.

"Hii zamani niliiona imeharibika," alisema, akaibana kifuani.

"Shangazi, nisamehe," Kasuku akanong'ona.

"Nimekusamehe, mwanangu. Lakini niache nilie."

Njiani kurudi, Kasuku alishika mkono wa mama yake. "Nimesema kweli, mama. Mbona bado naumia?"

Mama alisimama, akamfuta machozi.

"Nami ninaumia. Nilikuachia kazi ambayo macho yangu yalipaswa kuipitia. Kweli yako imetusaidia, mwanangu. Imewaokoa wapiga picha wengine wasipatwe na haya. Lakini kweli iliyochelewa hairudishi kila kitu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kuna kuta zisizojengeka tena. Ujumbe haujiandiki wenyewe. Kuna mtu ameketi mahali akauandika, na anangoja asikilizwe. Ukichoka, niambie umechoka. Usiniambie yameisha."