Nta Ikianza Kukatwa

Haya hayakumpata jirani wa jirani. Yalimpata dada yangu, tumbo moja, na aliyeyaanzisha hakuwa mganga. Alikuwa profesa mwenye miwani na sauti ya upole.

Dada alikuwa fundi wa maabara. Walichunguza jinsi ubongo unavyokua, tangu ukiwa tone, kwa kutumia mayai ya kuku. Kazi yake ilikuwa kulifungua yai siku iliyopangwa, kutoa kiubongo cha kifaranga, kukigandisha ndani ya nta, kisha kukikata kwa mashine vipande vyembamba kuliko karatasi na kuvibandika kwenye vioo. Sheria ilikuwa moja: ukianza kukata nta, humwachii mwingine, huendi kula, unakata hadi mwisho. Ukisimama, mpangilio unapotea.

Mama yetu aliifanya kazi hiyo palepale miaka kumi na tisa. Siku moja Profesa alizima mashine ya kutotolea kwa bahati mbaya, mayai yakapoa, ubongo wa vifaranga ukakua kombo. Alipoulizwa, akamnyooshea mama kidole. Mama akafukuzwa, na hakuna maabara iliyomtaka tena. Alikufa akirudia, "Sikuzima mimi." Namchukia yule mtu hadi leo, wala sifichi.

Dada akaomba kazi pale kwa jina la marehemu mumewe. Profesa hakumjua. Alichotaka dada ni kimoja tu: jina la mama lisafishwe.

Asubuhi moja tulivu, akisafisha jokofu, alikuta nyuma kabisa kipande cha nta chenye mwandiko wa mama. Hakikuwa na namba ya yai. Kiliandikwa jina la Profesa. Ndani mlikuwa na kitu cha kijivu, kikubwa kuliko ubongo wa kifaranga yeyote.

Alinipigia simu, akanieleza alichokikuta, akaiweka simu mezani ikiwa wazi. Nikasikia mashine ikianza.

Akakata kipande cha kwanza. Mlango wa Profesa ukafunguka.

"Ile mashine ya mayai," Profesa aliwaambia wafanyakazi wote, kwa utulivu, "niliizima mimi. Yule mama hakuhusika."

Alikuwa amesahau kwamba ni siri.

Nikalia kwa furaha. Mungu anisamehe, nilifurahi mno.

"Imetosha, dada," nikanong'ona. "Acha sasa."

"Nimeshaanza, mdogo wangu."

Akakata. Profesa akauliza neno lililo kwenye karatasi yake linasomwaje. Akakata. Mkewe akapiga simu, Profesa akasema hamjui. Akakata. Profesa akasahau kutembea. Akakata. Maneno yakamwisha, ikabaki sauti ya kichanga.

"Anarudi nyuma," dada akaninong'oneza. "Amejikunja sakafuni. Magoti kidevuni."

"Dada, tafadhali."

Mashine ikaendelea.

"Mbona bado unakata?"

"Profesa ameisha," akasema. "Nta haijaisha."

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilikimbia hadi maabara. Nilichelewa. Profesa alikuwa hai, na yu hai hadi leo, analishwa kwa kijiko. Dada alikuwa ameketi mbele ya vioo vilivyopangwa vizuri, hakuna hata kimoja kilichorukwa.

Nikamleta kwangu. Nilipanguza picha ya mama, nikaiweka mbele yake mezani. Nilimwambia, "Dada, jina la mama limesafishwa. Umeshinda."

Aliitazama kwa heshima, kama mgeni anavyotazama picha za watu.

"Ana sura nzuri," akasema. "Ni nani?"

Tangu siku hiyo, kila asubuhi nikitandika kitanda chake, naokota juu ya mto vipande vya nta, vyembamba, bado vina joto. Mlango wake naufunga mwenyewe kwa ufunguo. Na kila asubuhi ananitambua kidogo kuliko jana.

Sivitupi. Naviweka kwenye kopo la majani ya chai, kimoja kimoja. Sijui mama yuko kwenye kipi.