Acha Joselyne Amalize

Wiki hiyo nyumba ya Patricie pale Kamembe haikuwa na utulivu, na nani angeutaka? Binti yake Joselyne alikuwa anaposwa na Bruno, kijana wa Giheke. Patricie alianika sambaza zake za kuuza, dagaa wa ziwani, huku akiimba, akawapigia mashangazi simu, akaazima viti kwa majirani.

"Maman, ha-ha-harusi..." alianza Joselyne. Alikuwa na kigugumizi tangu utoto.

"Harusi itakuwa ya kupendeza, najua," Patricie akamalizia. Mdomo wake ulikuwa mwepesi, na alidhani anamsaidia mtoto.

Jioni Joselyne alijaribu tena. "Nguo iko tayari kwa fundi," mama akamjibu kabla hajafika popote. Binti akaingia chumbani, akafunga mlango. Patricie akashikwa na hofu. Je, Joselyne hamtaki tena Bruno?

Akamkimbilia jirani yake Mukamusoni, mhudumu wa afya wa mtaa. "Mutoto hasemi kitu, dada."

"Hasemi, ao hamumuachi aseme?" Mukamusoni alicheka kidogo. "Muntu wa kigugumizi anajua neno lake. Usimumalizie. Usimuambie 'pumua' ao 'polepole.' Muangalie usoni, ungojee. Na akisha kusema, usikimbilie kujibu. Muulize kwanza kama umemuelewa."

Patricie alirudi, akaziacha sambaza, akakaa karibu na binti yake. "Nakusikia," alisema. Loo, kazi ilikuwepo! Maneno yalimjaa mdomoni, akayameza.

"Harusi i-i-ingojee mutihani wangu wa uuguzi. Sitaweza ku... kusoma na kuolewa mwezi moja."

"Unataka tuisogeze mbele, umalize masomo kwanza?"

"Ndiyo, Maman." Joselyne alilia huku akicheka. Patricie aliona aibu, lakini furaha ilimzidi. Akawapigia simu wazazi wa Bruno hapo hapo. Bruno mwenyewe alikubali mara moja, na tarehe ya harusi ikasogezwa, posa ikabaki palepale.

Siku ya posa watu walifurika uani. Msemaji wa kina Bruno akamuuliza Joselyne kama anamjua kijana huyu. Joselyne akasimama.

"Ni... ni..."

Shangazi akafungua mdomo ili amsaidie. Patricie akamshika mkono, akatikisa kichwa. Watu wote wakangoja.

"Ni mi-mimi nilimuchagua," alisema Joselyne.

Ua mzima ukalipuka kwa vigelegele, na cha Patricie kilikuwa kirefu kuliko vyote.