Tundu la Ukuta wa Kusini

Kaka yangu Ottmar alikuwa mwashi kwa miaka arobaini na miwili, na alipostaafu akaona kupumzika ni adhabu. Kila Jumamosi alipanda mlimani na wazee wenzake wa chama cha kutunza ngome, wakachanganya chokaa na kuziba nyufa za ngome yetu ya Harrenstein. Kilichobaki huko ni nusu mnara na ukuta wa kusini. Jeshi liliichoma ngome zamani, kisha babu zetu wakamalizia: nyumba zote za kijiji hiki, hata banda langu la nguruwe, zimejengwa kwa mawe yake.

Kwenye ukuta wa kusini kuna tundu, ngumi inaingia. Husemwa kwamba ukuta ulipojengwa, karne saba zilizopita, uliporomoka mara tatu, bwana wa ngome akanunua mtoto kwa mama mmoja fukara, na ili ukuta usimame mtoto huyo akajengewa ndani yake akiwa hai. Mwashi wa jiwe la mwisho aliona huruma, akamwachia mahali pa kupumulia. Waashi wa hapa hufundishwa hivyo tangu siku ya kwanza kazini: ziba matundu yote, hilo liache.

Jumapili moja ya Septemba, tukinywa kahawa, Ottmar akaniambia ameliziba.

"Umeliziba?"

"Maji yanaingia, Gerlinde. Ukuta unaoza huku nautazama. Niache kazi nusu kwa ajili ya hadithi za bibi?"

"Wenzako wamesemaje?"

"Walikuwa wanakula soseji. Wataona nini wale!"

Akacheka, akapuliza kahawa yake. Pumzi ikakatika. Akajaribu tena, haikufika kikombeni.

Jumatatu alipumzika mara mbili kwenye ngazi. Jumatano hakuweza kupanda kabisa, nikamtandikia kochi jikoni. Daktari Reiff akampima, akasema mapafu ni safi, akamwandikia barua ya hospitali kwa wiki ijayo. Wiki ijayo! Midomo yake ilishageuka buluu. Mimi nimezika mume, nimezika dada. Nilikuwa nimechoka. Sikuwa na nguvu za kumzika na huyu, na sikuwa na mwingine.

Alhamisi akanishika mkono.

"Nenda kafungue," akanong'ona. "Tindo... chini ya ngazi."

"Si ulisema ni hadithi za bibi?"

"Nenda, dada."

Nilipanda saa sita mchana, jua kali, magoti yakinilaani. Chokaa changa hukaa laini wiki kadhaa, hata mimi nisiye mwashi najua. Hii ilikuwa ngumu kuliko jiwe. Nikagonga. Nikapumzika. Nikagonga tena, nikilia kwa uchovu na kumtukana Ottmar kwa sauti. Mwishowe kizibo kikalegea, kikaniangukia miguuni kizima kizima.

Tundu likavuta.

Hewa iliingia ndani. Majani makavu yakaingia. Ncha ya kitambaa changu cha kichwa ikaingia. Pumzi moja, ndefu. Sikuisikia ikitoka.

Nikageuza kizibo. Upande wa ndani ulikuwa na alama ya midomo. Midogo. Imeachama. Nikakitupa kwenye miiba na kushuka, tindo nikaliacha hukohuko.

Nyumbani nilimkuta Ottmar mezani, mashavu mekundu, akila keki ya plamu. Kipande cha tatu. Yeye ambaye hajapenda vitamu maisha yake yote.

"Umechelewa," akasema. "Nusura nikumalizie."

Nikamkumbatia, nikalia kwa furaha mpaka nikaishiwa machozi. Sikuuliza kitu.

Ijumaa Daktari Reiff akapita kumtazama.

"Vuta pumzi. Toa. Vizuri sana, Mzee Ottmar! Sasa ishike."

Ottmar akafunga mdomo na kubana pua. Daktari akasikiliza mgongoni. Akahamisha kifaa chake cha kusikilizia, akasikiliza tena.

"Nimesema ishike," akanong'ona.

Ottmar akatuonyesha kwa kidole mashavu yake yaliyojaa.

Daktari akanitazama. Akavua kifaa masikioni, akanipa nisikilize. Mgongo wa kaka yangu ulikuwa umetulia tuli. Lakini ndani, chini ya mbavu za kushoto, mtu mdogo alikuwa akihema haraka haraka.

Kisha akanyamaza. Alijua tunamsikiliza.