Nembo Iliyoshonwa Nusu

Shati lilifuliwa Jumatano, na hadi Jumamosi mkono wake wa kushoto ulikuwa bado unadondosha maji.

Yolande aliukamua, akasonya. Shati hilo la buluu, sare ya kikundi cha wasichana cha parokia, alilinunua sokoni kwenye mitumba, likiwa na nembo zake za kitambaa: mpishi, muuguzi, muogeleaji. Kila nembo msichana huipata kwa kufaulu jaribio lake, na Yolande alilijua hilo barabara. Lakini binti yake Tatiana alikuwa na miaka kumi, Mkongo pekee kikundini. Aende na shati tupu wamcheke? Thubutu! Akaziacha. Tena ile ya muogeleaji, ya mkono wa kushoto, iliyoshikwa upande mmoja tu, akaimalizia kwa uzi wake mweusi, maana fundi cherehani wa Lubumbashi kama yeye havumilii kazi ya nusunusu. Tatiana akalivaa vivyo hivyo, bichi.

Jumatatu Tatiana, asiyejua hata kuchemsha yai, alipika supu ambayo hakufundishwa na mtu, na jikoni kukanuka matope ya bwawa. Jumanne alimfunga mama yake bendeji mkononi, pasipo kidonda, akaikaza hadi vidole vikafa ganzi. Alhamisi saa kumi na moja jioni, giza la Desemba likiwa limeshaufunika mtaa wao wa Laeken, huku ughaibuni, Yolande alisikia bomba la bafuni likifunguliwa, kisha maji yakipigwapigwa taratibu, kisha kimya, na alipousukuma mlango akamkuta mwanawe, yule aliyelia kila alipooshwa nywele, amelala chali chini ya maji na shati lile mwilini, macho wazi, akitabasamu, bila povu hata moja kutoka puani.

Akamvuta, akipiga kelele kama mwenye msiba.

Maman Régine, mama wa maombi kutoka mtaa wa Forest, alifika upesi alipopigiwa simu. Alilitazama shati bila kuligusa.

"Hii insigne, hii nembo ya kuogelea, ni wewe ulishona?" alinong'ona.

"Ilikuwa inaninginia, maman. Nilisikia haya."

Régine alifumba macho, akaomba kwa muda mrefu. "Mwenye hii shati alikufa mu maji mbele ya kupata hii insigne. Mama yake alikuwa ameanza kuishona, akaiacha nusu. Bon, wewe umeimaliza, donc ule pepo anatafuta mwili ya kuogelea. Fumua yote. Na mutoto asiguse maji ya piscine, kule banaogelea, unasikia?"

Yolande akafumua. Kila uzi ulipokatika Tatiana alikohoa maji ya matope. Nembo zikachomwa kwenye sufuria, harufu ikatoweka, mtoto akalala fofofo. Yolande alilia kwa furaha, na katika furaha hiyo akasahau kwamba Ijumaa darasa la Tatiana huenda kuogelea.

Alikumbuka alasiri ya kesho yake, kengele ya mlango ilipolia. Alikuwa Antoinette, mwalimu wa Tatiana na kiongozi wa kikundi, amemrudisha Tatiana, amejaa tabasamu: mtoto amevuka bwawa mara kumi bila kuinua kichwa! Akampongeza mama, akaondoka.

Tatiana alisimama mlangoni, nywele zikichuruzika. Kiganjani alikuwa na nembo mpya ya muogeleaji.

"Shona, maman. Sasa nimeipata ya kweli."

Yolande alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. Macho yale hayakuwa ya mwanawe.

"Tatiana iko wapi?"

"Chini ya maji," mtoto akajibu. "Yeye hajue kuogelea."